Barua ya Wazi kuhusu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo: Kalenda ya Chuo Ifuate Msimu wa Mkulima

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

YAH: MPANGILIO WA CHUO KIKUU CHA SOKOINE CHA KILIMO NA UHUSIANO WAKE NA MSIMU, UTAFITI NA UGANI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi imepita katika ugani, yaani kuwafikishia wakulima na wafugaji ushauri wa kitaalamu. Ombi langu ni moja, lakini utekelezaji wake umegawanyika katika ofisi zenu zote, na ndiyo sababu nimeliandika hadharani badala ya kulipeleka kwenye meza moja ambako ningejibiwa kwamba sehemu iliyobaki iko kwa wengine. Ninaomba mpangilio wa chuo hiki, yaani kalenda yake ya masomo, mafunzo yake kwa vitendo na uhusiano wake na vituo vya utafiti pamoja na maafisa ugani, ufuate msimu wa mkulima na mfugaji wa Tanzania. Kwa utaratibu uliopo, mwanafunzi wa kilimo anaweza kuhitimu, tena kwa alama nzuri, bila kuishi na wakulima msimu mmoja kamili, tangu kuandaa shamba hadi kuuza mavuno.

Naanza na historia kwa sababu ndani yake ndimo ulimo msingi wa hoja yangu. Mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa kwa kuviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, taaluma kubwa ziligawanywa kati ya nchi tatu: kilimo kikawa Makerere, tiba ya mifugo na uhandisi vikawa Nairobi, na Dar es Salaam ikaanza na sheria. Mtanzania aliyetaka shahada ya kilimo alilazimika kuvuka mpaka na kujifunza katika udongo wa Uganda, chini ya mvua za ukanda wa Ziwa Viktoria, kisha arudi kuwahudumia wakulima wa Shinyanga, Iringa au Mtwara ambao mvua zao hazifanani na zile hata kidogo. Mwaka 1965 kilianzishwa chuo cha kilimo mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kikitoa stashahada. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanza kujitegemea, chuo hicho cha Morogoro kikawa Kitivo chake cha Kilimo, na hatimaye shahada ya kilimo ikafundishwa katika ardhi yetu wenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi na kwa mantiki iliyo wazi. Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilikuwa limetangaza kwamba siasa ni kilimo. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ukaleta upungufu mkubwa wa chakula na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Katika miaka hiyohiyo kitivo cha Morogoro kilipanuliwa: mwaka 1974 ikaongezwa misitu, ambayo kwa muda mrefu ilipata msaada wa Norway, na mwaka 1976 ikaongezwa tiba ya mifugo, jina likawa Kitivo cha Kilimo, Misitu na Tiba ya Mifugo. Kila idara ilizaliwa kwa sababu kulikuwa na hitaji shambani, msituni au zizini ambalo taifa halikuwa na wataalamu wa kulitimiza. Wakati huo muundo wa chuo uliamuliwa na ardhi.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akitokea Dodoma kwenda Dar es Salaam. Bunge lilipitisha Sheria Na. 6 ya mwaka 1984, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo kitivo kikawa chuo kikuu kamili kilichopewa jina lake, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938 katika jamii ya wafugaji, na kwa kumpa jina lake chuo cha kilimo na mifugo taifa lilitamka kwa sauti chuo hiki ni cha nani. Ninaamini jambo hilo kwa moyo wote, na kila mwaka kumbukizi yake inapofanyika chuoni huwa najiuliza kama mpangilio wa masomo yetu unalitendea haki.

Sura ya leo ya chuo imepatikana kwa hatua nyingine mbili. Ya kwanza ni Mazimbu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini eneo hilo nje kidogo ya mji wa Morogoro, wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo na ardhi vilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu. Hatua ya pili ni ya kisheria: Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya mwaka 2005 iliviweka vyuo vikuu vyote chini ya utaratibu mmoja, na tangu mwaka 2007 chuo kinaendeshwa kwa Hati Idhini.

Ngazi za uongozi wake ni zilezile mnazozifahamu: Mkuu wa Chuo anayeteuliwa na Rais, Baraza linalosimamia sera na mali, Seneti inayosimamia taaluma, Makamu Mkuu wa Chuo na manaibu wake, marasi wa ndaki (wakuu wa vitengo vikubwa vya taaluma), maamidi wa shule kuu, na wakuu wa idara. Vitivo vya zamani vimegeuzwa kuwa ndaki, na kando ya kilimo, misitu na tiba ya wanyama sasa kuna ualimu, sayansi za jamii, biashara, utalii na uhandisi. Siupingi upanuzi huo. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 61, kwa sensa ya mwaka 2022, inahitaji walimu wa sayansi, na mchumi wa kilimo ana kazi sawa na bwana shamba. Shaka yangu ni kwamba tulipopanua chuo tulichukua pia kalenda na vigezo vya vyuo vingine bila kuuliza kama vinafaa kwa taaluma inayotegemea mvua.

Mwaka wa masomo katika vyuo vikuu vyetu huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai. Mafunzo kwa vitendo nje ya chuo kwa kawaida huwekwa katika likizo ndefu inayofuata, kabla mwaka mpya haujaanza. Kwa mwanafunzi wa sheria au wa uhasibu ratiba hiyo haina ubaya, kwa sababu kazi atakayojifunza ipo mwaka mzima. Kwa mwanafunzi wa kilimo hali ni tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya nchi, tangu Dodoma na Singida hadi Tabora, Katavi, Rukwa, Mbeya, Njombe, Iringa na Ruvuma, hupata mvua za msimu mmoja, zinazoanza karibu na Novemba na kuisha Aprili au Mei. Anayepangiwa Singida mwezi Agosti hukuta alizeti imekwisha kuvunwa. Anayepangiwa Songea hukuta mahindi yamo maghalani na shamba limebaki mabua. Kuandaa ardhi kabla ya mvua ya kwanza, kuchagua mbegu, kupanda kwa nafasi, kuweka mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa wakati, kupalilia kabla magugu hayajashinda, kuwatambua viwavijeshi vamizi wangali wadogo ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, yote hayo hutendeka wakati yeye yuko darasani au kwenye chumba cha mtihani.

Kiangazi nacho kina mafunzo yake, na sitaki kukidharau. Katika miezi hiyo mwanafunzi anaweza kujifunza umwagiliaji, uhifadhi wa mazao, bei za soko na kazi ya vyama vya msingi vya ushirika. Najua pia kwamba chuo kina mashamba ya mafunzo Morogoro, kwamba mji ule hupata mvua za vuli na za masika, na kwamba wahadhiri hujitahidi kuwapeleka wanafunzi shambani katikati ya ratiba iliyobana. Lakini saa chache za mazoezi kwa wiki, katika shamba ambalo trekta, mbegu na mbolea vimeletwa na taasisi, haziwezi kumfundisha kijana maamuzi ya mama mwenye ekari mbili ambaye mvua imechelewa, fedha ya mbolea imelipia ada ya mtoto, na jirani anamshauri apande mtama badala ya mahindi. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo kazi ya ugani. Afisa ambaye hajawahi kuyashuhudia yakifanywa huja kijijini na majibu sahihi ya maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Kwa upande wa mifugo ubaya wa ratiba ni uleule. Kupe huongezeka wakati wa mvua, na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, huua ndama wakati ambapo majosho yanapaswa kuwa na dawa na watu wa kuyasimamia. Ikifika Agosti malisho yamekauka na wafugaji wengi wamehama na mifugo yao kutafuta maji, hivyo mwanafunzi hupokewa kwenye maboma yaliyobaki na wazee na watoto. Shahada ya tiba ya wanyama ni ya miaka mitano na ina nafasi zaidi ya kurekebisha upungufu huo. Shahada ya kwanza ya kilimo ni ya miaka mitatu, na likizo moja iliyopotea ndani ya miaka mitatu ni hasara kubwa.

Napendekeza kwamba katika shahada za kilimo na zile zinazohusiana nazo moja kwa moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu akae nje ya chuo msimu mzima, tangu Novemba hadi mavuno, na masomo ya darasani ya kipindi hicho yahamishiwe kwenye miezi ya kiangazi. Akae kwenye kata pamoja na afisa ugani, au kwenye kituo cha utafiti, au kwenye shamba la Wakala wa Mbegu za Kilimo, au kwenye chama cha ushirika, na awe na shamba dogo analolilima kwa mikono yake na kuliandikia kumbukumbu. Tathmini yake ifanywe na mhadhiri, afisa ugani na wakulima wenyewe. Chuo tayari kina maeneo yanayoweza kubeba mpango huo: Kampasi ya Mizengo Pinda iko Katavi, kwenye ukanda wa msimu mmoja wenye mahindi, mpunga na ufugaji nyuki, nao wanafunzi wa misitu wana msitu wa mafunzo wa Olmotonyi mkoani Arusha na msitu wa asili wa Mazumbai katika Usambara Magharibi. Kampasi hizi zikipangwa kwa kufuata kanda za mvua na mimea zitakuwa na kazi ambayo hakuna jengo la Morogoro linaloweza kuifanya, na itakuwa makosa kuzifanya nakala ndogo za kampasi kuu zenye kumbi za mihadhara na ratiba ileile.

Nikitaka ushahidi kwamba kufuata msimu huzaa elimu ya kweli, sihitaji kutoka nje ya chuo hiki. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walianza kuwatega, kuwatia alama na kuwaachia panya shamba, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, huku wakipima mvua. Kazi hiyo ya uvumilivu ilionyesha kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaana mapema kuliko kawaida na idadi yao hulipuka baadaye, na kwa hiyo mlipuko unaweza kutabiriwa kabla mbegu za mkulima hazijafukuliwa. Hakuna utafiti wa likizo moja ungeweza kuyabaini hayo. Kutokana na ujuzi huohuo wa panya, shirika la APOPO lililoanzia Ubelgiji lilihamishia kazi zake Morogoro mwaka 2000, likawafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika moja la wanyama la Uingereza kwa kazi yake ya kutafuta mabomu Kambodia. Dunia ilimshangilia Magawa. Ningependa viongozi wetu wakumbuke pia miaka mingi ya kupima mvua na kutega mitego kwenye mashamba ya mahindi ambayo ilitangulia sifa hiyo.

Maharage ni mfano mwingine, nao naupenda zaidi kwa sababu umefika sufuriani. Mbegu iitwayo SUA 90 (SUA ni kifupi cha jina la chuo kwa Kiingereza) ilitolewa mwaka 1990, ikafuata Rojo mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa. Aina moja ya maharage huchukua misimu mingi ya kuchanganya, kuchagua, kupeleka kwa wakulima na kuwauliza akina mama kama linaiva haraka na kama mchuzi wake una rangi wanayoitaka. Kazi hiyo haiendani na mfumo ambao mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa idadi ya machapisho yake. Mwenye busara ya kawaida ataandika makala kadhaa kuhusu mbegu za wengine kabla ya kuthubutu kuanza mbegu yake mwenyewe. Kwa hiyo naliomba Baraza na Seneti, kwa kushauriana na Tume ya Vyuo Vikuu, wahakikishe kwamba mbegu iliyoidhinishwa na kupokewa na wakulima, chanjo inayotumika, au njia ya kilimo iliyoenea wilayani ina uzito usiopungua ule wa chapisho katika kupandisha vyeo.

Sasa nageukia mpaka wa wizara na wizara, ambao ndio ulionifanya niwaandikie kwa pamoja. Chuo kiko chini ya Wizara ya Elimu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2016, iko chini ya Wizara ya Kilimo, na mwenzake wa mifugo, TALIRI, yuko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada kwa wengi wa maafisa ugani, kama Ukiriguru na Uyole, viko Wizara ya Kilimo. Afisa ugani mwenyewe, tangu ugatuaji wa mwishoni mwa miaka ya 1990, amekuwa mtumishi wa halmashauri, na mjadala wa nani hasa amsimamie haujawahi kutulia. Kila mgawanyo huo una sababu zake za kiutawala. Lakini mkulima ana shamba moja, na tatizo lake halijui liko chini ya fungu gani la bajeti.

Mwaka 2016 watu walipoteza maisha mikoani Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Tulitazame tatizo hilo hatua kwa hatua. Kuvu huanza shambani mmea unapokosa maji wakati wa kukomaa au unapotobolewa na wadudu, na hapo anatakiwa mtaalamu wa mimea. Huongezeka mahindi yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu, na hapo anatakiwa mhandisi wa kilimo. Hufika mezani kwenye ugali na uji wa mtoto, mahali pa mtaalamu wa chakula na lishe. Mabaki mabovu hupewa ng'ombe, na sumu huweza kutokea tena kwenye maziwa, mahali pa daktari wa mifugo. Mwenye mahindi hayo huyauza kwa sababu ana shida ya fedha, na hapo panahitajika mchumi. Wataalamu wote hawa wako katika chuo kimoja, lakini wamegawanyika katika ndaki mbalimbali, na mtu ambaye angeweza kuyaona mahindi hayo mapema kuliko wote, yaani afisa ugani wa kata, hana njia rasmi ya kuwafikia. Sampuli yake ikitoka kijijini hupanda wilayani, mkoani na wizarani, na jibu hushuka kwa njia hiyohiyo. Vivyo hivyo kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, alipoingia nchini karibu na mwaka 2014, wakulima wa nyanya walipuliza viuatilifu vilevile tena na tena huku mdudu akiendelea kula, kwa sababu aliyekuwa karibu nao kwa ushauri alikuwa muuza duka la pembejeo.

Ninachoomba hapa ni makubaliano yenye nguvu ya kisheria kati ya chuo, TARI, TALIRI na TAMISEMI, yatakayotamka mambo ambayo leo hutegemea urafiki wa mtu na mtu au mradi wa wafadhili wenye tarehe ya mwisho. Mtafiti wa TARI Ilonga au TARI Dakawa, vituo vilivyo ndani ya mkoa wa Morogoro, awe na nafasi ya kufundisha chuoni na kusimamia wanafunzi bila kuhesabiwa kwamba ameacha kazi yake. Mhadhiri awe na vitalu vyake vya majaribio katika vituo hivyo. Na afisa ugani awe na haki ya kurudi chuoni kwa mafunzo mafupi kila baada ya muda uliowekwa, mwajiri wake akiwa na wajibu wa kumruhusu. Mwaka 2022 Serikali iliwapa maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupimia afya ya udongo, na kila aliyefanya kazi hii anajua thamani ya pikipiki. Sasa wapewe pia mahali pa kupeleka vipimo vya udongo wanavyovichukua na mtu wa kuwatafsiria matokeo kabla mbegu hazijaenda ardhini.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya shilingi trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na hilo ni jambo la kushukuru. Kwa kuwa chuo kiko wizara nyingine, ongezeko hilo halikifikii moja kwa moja. Upande wa elimu, mradi wa HEET wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vya umma unajenga madarasa na maabara. Pengo lililobaki ni fedha ya kudumu ya utafiti wa msimu kwa msimu, isiyokatika mradi unapofungwa. Naomba Waheshimiwa Mawaziri wa Kilimo na wa Mifugo watenge fungu hilo katika bajeti zao na kulikabidhi kwa chuo kwa mkataba wa kazi, ili chuo nacho kiwajibike kwao kwa matokeo.

Kuna jambo moja la haraka ambalo likiharibika halitarekebishika, nalo ni ardhi. Manispaa ya Morogoro ilikuwa na wakazi zaidi ya 315,000 mwaka 2012, na mwaka 2022 walizidi 470,000. Mji unapanda kuelekea milimani na kusambaa pande zote, na kila hekta ya shamba lililo karibu na mji huonekana kama kiwanja kinachosubiri hati. Chuo cha kilimo kinaweza kuvumilia ukumbi uliochakaa, lakini shamba la majaribio lililopimwa na kuandikiwa kumbukumbu kwa miongo kadhaa likishajengwa nyumba, kumbukumbu hizo hazina pa kuendelea. Naliomba Baraza litamke hadharani ni maeneo gani ya mafunzo na utafiti ambayo hayatabadilishwa matumizi kwa sababu yoyote, hata kwa kujenga majengo ya chuo chenyewe.

Nazijua pingamizi mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba Bodi ya Mikopo hulipa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa kufuata kalenda ya pamoja, na msimu mzima ni mrefu kuliko siku zinazolipiwa sasa. Ni kweli, na bila Bodi kukubali, mpango huu utawaumiza watoto wa maskini kwanza. Lakini mwanafunzi aliye kijijini kwa msimu mzima hatumii bweni wala ukumbi wa Morogoro, na gharama hizo zinaweza kuhesabiwa upya badala ya kuongezwa tu. Halmashauri zinaweza kutoa makazi, hasa zile zenye kata ambazo hazina afisa ugani hata mmoja. Pingamizi ya pili ni kwamba Tume ya Vyuo Vikuu inataka mihula na saa za masomo zilizo sawa kwa wote. Usawa wa saa unaweza kulindwa hata kama miezi inabadilika, na mitaala hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, hivyo njia ya kisheria ipo bila kusubiri sheria mpya.

Kuna pia vijana wenyewe. Wapo wahitimu waliojiunga katika ushirika wa SUGECO pale Morogoro wakajifunza biashara ya kilimo kwa kuifanya, na wapo wanaoingia kwenye mashamba ya BBT, mpango wa Serikali wa kilimo kwa vijana. Ari wanayo. Lakini mpango wowote wa kuwapeleka vijana shambani baada ya shahada unakiri kwamba shahada haikuwapeleka huko, na ni nafuu kwa taifa kulifanya jambo hilo ndani ya masomo kuliko kulilipia upya baadaye.

Naomba basi hatua mbili kabla Seneti haijapitisha kalenda ya mwaka ujao wa masomo. Wizara zenu nne ziunde kikosi kazi kimoja pamoja na chuo, Bodi ya Mikopo na Tume ya Vyuo Vikuu, kikiwa na maafisa ugani walio kazini pamoja na wakulima na wafugaji wadogo, kipange jinsi ya kuanza msimu wa majaribio kwa shahada moja na kanda moja, nami napendekeza kanda ya Katavi. Na taarifa ya kikosi hicho itolewe hadharani kwa Kiswahili, ili wanaolima na kufuga waweze kuisoma na kuijibu. Niko tayari kuitwa mbele ya kikosi hicho wakati wowote kueleza kwa kirefu zaidi yale niliyoyaandika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na afisa ugani mstaafu

Nakala:
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu